Mafuta ya makonyo: wiki 18 kwenye miguu ya miaka 61

Ukiingia dukani Chake Chake, Pemba, ukauliza mafuta ya karafuu, yapo ya namna mbili, na mwenye duka akiona huelewi atakupa yaliyo karibu na mkono wake. Kuna yanayotokana na karafuu yenyewe, na kuna ya makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mie nazungumzia haya ya makonyo. Hutolewa kwa mvuke, na kiwanda chetu kipo Wawi, nje kidogo tu ya mji. Nikipita Wawi kwa mbio alfajiri, upepo ukiwa wa upande ule, navuta harufu yake nipende nisipende.

Chupa yangu ni ya kioo cha rangi ya kahawia, mililita 50, haina lebo, kifuniko chake cha plastiki. Niliinunua katikati ya Oktoba kwa shilingi 10,000. Muuzaji aliyamimina kutoka kwenye dumu mbele ya macho yangu, akaifuta chupa kwa kitambaa, akanambia, "Mwalimu, haya ukipaka unasahau kama una miguu." Nilidhani ananisifia bidhaa tu. Kumbe ndio ulikuwa ukweli wenyewe, na ndio ubaya wake.

Nimesomesha Jiografia miaka 35 na nimestaafu mwaka juzi. Kukimbia nilianza nikiwa na miaka 52, si kwa kupenda. Daktari alisema sukari imeshabisha hodi, nichague kuifungulia au kuikimbia. Nikajiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani. Anayeijua Zanzibar anavijua vikundi hivi: jua halijatoka, barabara imejaa vijana, wazee wenye vitambi na kina mama waliovaa suruali ndani ya madira, halafu kila tarehe 1 Januari tunakusanyika kwa siku yetu ya mazoezi, kila kikundi na fulana yake. Humo nimeshakimbia kilomita 10 mara nyingi na 21 mara mbili. Safari hii wenzangu wakasema twende Moshi, Kilimanjaro Marathon, na mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema nitakimbia zote 42. Na zile mita 195 za juu, ambazo kila aliyewahi kufika pale atakwambia ndizo ndefu kuliko zote.

Asiyewahi kukimbia Pemba huenda akadhani kisiwa ni kisiwa. Unguja unaweza kukimbia saa nzima usikutane na kilima cha maana. Huku kwetu huwezi kumaliza uradi mmoja hujapanda au hujashuka. Ukitoka Chake unashuka, unapanda Gombani, unashuka tena, na ukifikiri umemaliza kuna kingine nyuma ya ule mwembe. Kwa atakayekwenda kupanda njia ya Mweka kwenye mbio za Moshi hilo ni jambo jema. Kwa mashavu ya miguu ya mwanamke wa miaka 61 ni jambo jengine.

Tulianza Oktoba, karafuu zikiwa bado zinaanikwa. Pembezoni mwa barabara yametandikwa majamvi, nyengine bado kijani na pinki, nyengine zimeshageuka rangi ya kahawia, na mwenye nazo amekaa anazilinda na kuku. Ukikimbia hapo huna budi kubana kwenye lami. Bibi mmoja njia ya Vitongoji alikuwa akiniuliza kila nikipita, "Unakimbilia wapi, mwanangu? Boti ishaondoka." Mwezi wa pili wa mazoezi akaacha kuuliza, akawa ananipigia makofi.

Sasa mafuta.

Siku ya kwanza nilijipaka yakiwa yenyewe, bila kuchanganya na kitu. Nilikuwa nimetoka kukimbia kilomita 14, nimechoka, nikaona kuchanganya ni kazi ya watu wenye nafasi. Dakika ya kwanza nikasikia baridi. Ya pili, joto. Ya tano nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi napepea mguu kwa ungo. Mzee wangu akaja mbio na ndoo ya maji, akanimwagia, na maji hayakusaidia kitu, kwani mafuta hayaondoki kwa maji. Yaliyosaidia ni mafuta ya nazi, nilijipaka mengi kisha nikafuta kwa kitambaa, nikarudia. Alama nyekundu ilikaa siku nne. Kwa hiyo anayekwambia kuwa haya ni ya asili na kwa hivyo hayana madhara, muulize kama amewahi kujipaka.

Baada ya hapo nikawa nachanganya. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, yale ya kukamua nyumbani, na matone kama 12 ya makonyo. Mchanganyiko huo hauunguzi, lakini ni mkali, na raha yake siwezi kuificha. Unaanza uvuguvugu, kisha ngozi inakufa ganzi taratibu, kama ufizi kwa daktari wa meno. Na si kufananisha tu. Kilichomo ndani kinaitwa yujenoli, ndicho kilicho kingi kwenye mafuta haya, na madaktari wa meno hukichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Ile harufu unayokutana nayo ukifungua mlango wa daktari wa meno, hiyo ndiyo.

Kujipaka kwenyewe nilikuweka baada ya isha, ili nisihangaike na udhu na mafuta miguuni. Nakaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, naanza na nyayo, napanda kwenye shavu la mguu, nachua kwa kidole gumba kuelekea juu, kisha nyuma ya mapaja. Dakika 20 kwa miguu miwili. Nafikiri nusu ya faida ninayoisifia imetoka hapo na wala si kwenye chupa. Miaka yote ile nilikuwa nikirudi mbioni naingia jikoni moja kwa moja na miguu yangu haikuwahi kuguswa na mtu, hata na mie mwenyewe. Wiki ya tatu nilishajua kuwa shavu la kulia lina fundo dogo ambalo la kushoto halina, na kwamba likiwa gumu usiku, kesho yake kilima cha Gombani kitaniadhibu.

Harufu? Nyumba nzima. Wajukuu walilalamika siku mbili wakazoea. Mzee wangu alisema analala na ghala. Halafu wiki moja tulipokuwa na harusi kwa jirani, bi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa singo ya viungo yenye karafuu ndani, nikaingia chumbani kuwasaidia wenzangu na mmoja akanusa hewa, akanigeukia: "Na wewe bibi umesingwa? Unaolewa lini?" Walicheka hadi singo ikamwagika.

Nimechelewa kufika pahala penyewe.

Mwanzoni mwa Disemba, kaskazi imeshaingia na joto limeanza kubana, nikawa naamka na maumivu nyuma ya kisigino cha kulia. Ule ukano mnene unaoshuka kutoka shavu la mguu hadi kisigino. Hatua kumi za mwanzo kutoka kitandani nachechemea, nikifika msalani yameshaachia. Nikafanya ambalo kila mtu mwenye chupa kabatini angelifanya: nikaanza kujipaka asubuhi pia, kabla ya kutoka. Matone yale yale 12. Na kweli, nikitoka nje sisikii kitu. Kilomita ya kwanza safi, ya tatu safi, ya kumi safi. Nikawa namsifia muuzaji kwa kila mtu kikundini. Watu wanne walinunua kwa maneno yangu, na hili nawaomba radhi hapa.

Wiki mbili zilikwenda hivyo. Jumapili moja nilikuwa na kilomita 24. Nikizidi 18 mafuta yakawa yameisha nguvu, na maumivu yakaja yote kwa pamoja, kama wageni waliokuwa wanasubiri nje ya mlango. Sikuweza kuweka kisigino chini. Nikakaa juu ya jiwe chini ya mkarafuu, jasho linanitoka. Ikaja bodaboda, ikapunguza mwendo, ikarudi. "Shikamoo mwalimu! Nikupakie?" Nilimsomesha darasa la sita, alikuwa hajui kaskazi inatoka upande gani. Alinipeleka mpaka mlangoni na akakataa pesa.

Kesho yake nikaenda kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana tu, umri wa mwanangu wa mwisho. Akanikalisha, akainama, akashika kisigino. Halafu akanyanyua uso, akanusa.

"Mwalimu, leo umejipaka dawa?"

Nikamwambia ndio, kidogo tu, nisije nikaja kwako nachechemea.

Akaniachia mguu. "Basi rudi kesho bila dawa. Nikikubonyeza leo utanambia hapaumi, na mie ntakuamini."

Maneno hayo nimeyafikiri sana. Kesho yake nilirudi mkavu, akabonyeza pahala pamoja tu, vidole vitatu juu ya kisigino, na nilipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye benchi la wanaosubiri. Akanieleza kuwa ukano wa mtu wa umri wangu haupati damu nyingi, hupona polepole, na unapoanza kuchoka hutoa ishara mapema sana, wiki kadhaa kabla ya kuharibika. Ishara yenyewe ndiyo ile ya hatua kumi za asubuhi. Mie ishara hiyo nilikuwa naipaka ganzi kila siku kabla ya kuipelekea kilomita nyengine.

Mafuta ya makonyo hayatibu ukano. Hayapunguzi hata dakika moja ya uchovu wake. Yanaufunga mdomo tu. Jioni, umeshamaliza, unataka kulala, si vibaya ukafungwa mdomo kidogo. Asubuhi, unapokwenda kuutumia, mguu unatakiwa uwe na ruhusa ya kusema.

Hapo namkumbuka John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, ambaye kila mwaka nilikuwa nikiwahadithia wanafunzi: Mexico 1968, ameanguka, goti limefungwa bendeji, wenzake wamemaliza zamani, na yeye bado anakuja, wa mwisho. Darasa zima hunyamaza. Nimemhadithia miaka yote kama mfano wa kutosikiliza maumivu, na sasa naona nilikuwa nasomesha nusu. Akhwari alikuwa na siku moja ya Olimpiki na nchi nzima mgongoni. Mie n'na Jumapili 18 na bendera hakuna aliyenipa.

Dawa aliyonipa yule kijana haiuzwi. Ni kusimama kwenye ukingo wa baraza kwa ncha za miguu, unapanda juu kwa miguu miwili, kisha unashuka taratibu kwa mguu mmoja mbovu, kisigino kinapita chini ya ukingo. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Halafu seti 3 nyengine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Baraza yangu ina kimo hasa cha kazi hiyo, na wapita njia walipata cha kuuliza. Siku kumi za mwanzo sikukimbia, nilitembea tu. Kisha akaniruhusu kuanza kwa dakika 20 na sharti moja: nikiamka kesho yake maumivu yamezidi ya jana, napunguza. Sharti hilo haliwezekani kutimizwa na mtu aliyejipaka.

Mwishoni mwa Januari nilifanya safari yangu ndefu kuliko zote. Nilipanda gari ya kwanza mpaka Mkoani, nikashuka karibu na bandari, nikageuza uso Chake: kama kilomita 30, vilima juu ya vilima. Miguu mikavu, haina hata tone. Karibu na Mtambile kisigino kikaanza kunong'ona. Kikinong'ona namna ile Disemba nisingelisikia. Nikatembea dakika kumi, nikanywa maji, nikamwita muuza madafu, nikanywa dafu moja kwa haraka na jengine kwa adabu, nikaanza tena kwa mwendo wa bibi harusi. Kikanyamaza. Nilifika Chake jua kali, saa nne na robo tangu niondoke, uso umejaa chumvi, na usiku baada ya isha nikatoa chupa. Usiku ule mafuta yalikuwa matamu kuliko siku yoyote.

Mchanganyiko wangu wa sasa ni matone 3 kwa vijiko viwili vikubwa vya nazi. Tatu, si kumi na mbili. Harufu inabaki, uvuguvugu unabaki, ganzi karibu hakuna, na ngozi haisemi kitu. Anayeona matone matatu ni ubahili na ajaribu kwanza pahala padogo ndani ya kigasha, asubiri mpaka kesho. Usipake kwenye malengelenge wala mchubuko. Nilijaribu mara moja kwenye lengelenge la kidole na sitaki kulizungumza. Anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande amuulize daktari wake kabla, kwani yujenoli nayo inaingilia mgando wa damu. Na chupa iwe juu kabatini, mbali na watoto. Mtoto akiyanywa ni sumu.

Kifuniko, kama nilivyotaja kile cha plastiki. Mafuta haya yanakula plastiki ya aina fulani, na kile cha kwangu kililegea polepole mpaka kikawa kama pipi iliyonyonywa. Sikujua. Safari ya Moshi ni boti hadi Unguja, boti tena hadi Dar es Salaam, kisha basi kutwa nzima, na chupa niliifunga ndani ya kanga katikati ya begi. Basi halijafika Chalinze abiria wakaanza kuulizana nani kabeba karafuu. Kanga ilikunywa robo ya chupa. Nikasema kwa sauti kuwa ni zawadi kutoka Pemba, na mama mmoja wa Kichaga aliyekaa mbele akanigeukia akasema basi zawadi imefika. Doa halijatoka kwenye kanga mpaka leo. Nunueni chupa yenye kifuniko cha chuma, au mkinunua yenye kifuniko cha plastiki, myahamishie mafuta chupa nyengine mkifika nyumbani.

Kuhusu Moshi sina mengi, si kazi ya maandishi haya. Kupanda Mweka ni kama kuunganisha vilima vyote vya Pemba halafu usipewe mteremko mpaka ugeuke. Njiani wako waliojipulizia dawa za ganzi kwenye magoti, wamesimama kando, wanaendelea. Mmoja alininyooshea chupa kwa wema. Nikamwambia ahsante mwanangu, mguu wangu una mazungumzo na mie. Alinitazama kama aliyeona joto limenipanda kichwani. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 51. Kisigino kilisema mara mbili, mara zote nilitembea.

Kuna mtu ataniuliza kama ni bora kuliko zile bomba za krimu ya mentholi za duka la dawa. Nimezitumia miaka. Kazi ni ile ile ya kudanganya ngozi, ila krimu haina mafuta ya kutosha kuchulia, inakauka mkononi kabla hujafika gotini, na haimkumbushi mtu harusi yoyote. Bei ya bomba moja inakaribia ya chupa hii, na chupa hii kwa matone matatu kwa usiku, ukitoa robo iliyonywewa na kanga, ingenifikisha mbali. Mafuta ya nazi ndiyo yanayokwisha.

Nyota ngapi? Kwa harufu na kwa mchuo wa usiku, tano. Kwa anayetaka kukimbilia juu yake, sitoi hata moja. Kifuniko hakistahili kuhesabiwa.

Ningeinunua tena, na huenda nikalazimika kuinunua mapema. Wiki iliyopita jirani alikuja kuazima chupa, mumewe jino linamuuma na daktari hayupo mpaka Jumatatu. Jumatatu imepita. Jana nilimwona mumewe barazani anacheza bao, anacheka na meno yote, na chupa yangu bado sijaiona.